Rejeta ya gari-nyumba la zamani: kulehemu, kubadili kiini, mtumba au alumini mpya?

“Mwanangu, hili gari lako linakunywa maji au linaoga?”

Bibi aliyeniuliza hivyo alikuwa amesimama mbele ya bampa langu, pale juu Newala, ndoo yake ya pili imeshaisha. Swali lilinichoma. Kule juu kwenye uwanda wa Makonde maji hayajawahi kuwa kitu cha mchezo. Watu wamekua wakikinga ya mvua na kuyahesabu. Mimi nimepanda kutokea upande wa Masasi, kwenye ule mwinuko mkali, na gari linalomwaga maji njia nzima, halafu naomba ndoo kwa mtu mzima.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na lina paa la Dormobile: lile linaloinuka upande mmoja na turubai lake la mistari. Ndani kuna jiko la gesi, sinki dogo, na viti vinavyolazwa vikawa vitanda. Baba mdogo alilinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, akaniachia mimi. Watoto wa mtaani kwetu Mtwara wanaliita konokono, kwa sababu limebeba nyumba yake na kwa sababu ya mwendo.

Kabla ya safari ile nilikuwa nimeshalehemu rejeta mara mbili. Mara zote mbili fundi aliziba tundu vizuri tu, na mara zote mbili gari likaendelea kuchemsha. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu: nilichagua njia ya kutengeneza kwa kuangalia panapovuja. Tundu linaonekana, linalowesha sakafu, linapiga kelele. Kinachoamua uchague nini ni nyavu.

Bonyeza kwa kidole kwanza

Rejeta za umri huu ni za shaba: matenki na mirija ni ya shaba ya manjano, na katikati ya mirija kuna nyavu, vile vibati vyembamba kama karatasi vya shaba nyekundu. Nyavu zimeshikizwa kwenye mirija kwa risasi. Joto linatoka kwenye maji, linapita kwenye mrija, linaingia kwenye wavu, ndipo upepo wa feni unalichukua. Kile kiungo kati ya mrija na wavu kikiachia, maji yanaweza kuzunguka vizuri, rejeta isivuje hata tone, na bado joto likakosa pa kutokea.

Sisi wa pwani tuna adui wa peke yetu, upepo wa chumvi. Gari linalolala Mikindani au Lindi mjini, mbele ya bahari, linaliwa nyavu polepole. Kwa mbali zinaonekana zipo. Nilipoitoa rejeta mara ya tatu fundi aliniita: “Mzee, weka kidole hapa.” Nikabonyeza. Wavu usiooza huwa unapinda kidogo na kukaa ulivyopinda. Wa kwangu ulisagika kama jani kavu la mkorosho, vidole vikabaki na vumbi la kijani. Karibu theluthi moja ya upande wa chini ilikuwa hivyo. Kwa hiyo ile pesa ya kulehemu mara mbili nilikuwa naziba ndoo isiyo na kitako.

Fanya jaribio hilo kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote. Bonyeza sehemu nyingi, hasa chini na pembeni ambako tope hukaa. Ukiona kijani na unga, kulehemu kumeshatoka kwenye orodha yako.

Na hakikisha mgonjwa ni rejeta kweli. Themostati (kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto) iliyoganda, mkanda wa feni uliolegea, pampu ya maji iliyochoka, vyote vinachemsha gari. Mfuniko wa rejeta watu huudharau kuliko vyote. Wa kwangu umeandikwa 9, yaani paundi 9 kwa inchi ya mraba, na shinikizo hilo linasogeza mchemko wa maji hadi karibu nyuzi 113. Mpira wa mfuniko ukichoka mchemko unarudi kwenye nyuzi 100, na Newala, zaidi ya mita 600 juu ya bahari, unarudi chini ya hapo. Washa pia injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi: mapovu yakipanda bila kukoma, inawezekana sana gasketi ya silinda hedi imeungua, na hapo rejeta mpya ya dhahabu haitakusaidia.

Kuitoa peke yake, au kutoa uso mzima

Hapa pana uchaguzi wa kwanza, na mafundi wengi hawakuambii kwamba upo.

Kwa vyovyote vile unaanza na injini iliyopoa kabisa. Chini ya rejeta kuna koki ya kumwagia maji, nyingine iko ubavuni mwa injini. Koki ya chini kwenye gari la miaka 40 huwa imejaa tope. Ukiifungua hakitoki kitu, ukadhani rejeta imeshakauka, kumbe ukifungua mpira wa chini unaogeshwa. Ichokonoe kwa waya. Kama mlikuwa na kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, kinga kwenye beseni na uimwage mahali salama. Ni tamu na ni sumu, mbuzi wa jirani hatajua tofauti.

Mipira ya juu na ya chini usiinyonge kwa nguvu. Shingo zimelehemiwa kwenye tenki, na ukiikata shingo umejiongezea kazi ambayo hukuwa nayo asubuhi. Mpira ulioganda uchane kwa kisu kwa urefu, kanunue mwingine.

Halafu spana. Land Rover hizi zina nati za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, fundi atatoa spana 13, itaingia, itacheza kidogo, na kwa nati iliyoshika kutu huo mchezo mdogo unatosha kula pembe zote sita. Ya 7/16 inakubali spana 11 kwa kubana. Ya 9/16 haikubali 14, na 15 inapwaya. Kabla hujaruhusu mtu kugusa gari, tafuta au azima seti ya inchi. Mimi nilimwagia boliti zote dizeli iliyochanganywa na oili jioni, nikalala, asubuhi nyingi zikakubali.

Ukitoa rejeta peke yake, unafungua kava la feni na boliti za pembeni, unaivuta juu. Ni haraka kama boliti ziko sawa. Kama zimeoza, unafanya kazi mikono ikiwa imebanwa kati ya feni na nyavu, na kila spana inapoteleza inajeruhi nyavu kwanza na vidole baadaye.

Ukitoa uso mzima, yaani lile bati la mbele linaloshika rejeta na grili, unaondoa boneti, unafungua boliti zinazoliunganisha na madigadi kulia na kushoto, pamoja na zile kubwa mbili za chini kwenye chesisi. Kwenye Series III taa kubwa ziko kwenye madigadi, hivyo nyaya za kusumbua ni chache. Watu wawili wananyanyua, mnaulaza mkekani, mnafungua rejeta kwa raha mkiwa mmekaa. Inaonekana kazi kubwa zaidi lakini kwangu ilikwisha mapema kuliko zile mara mbili za kwanza. Tena injini inabaki wazi, na kama pampu ya maji inalia, ndiyo nafasi yake. Kwa gari la pwani, ushauri wangu ni uso mzima, sifikirii mara mbili.

Rafiki yangu wa Lindi mwenye Kombi ya zamani hutucheka sana tunapoongea mambo haya. Injini yake inapozwa kwa upepo, rejeta hana. Tunamwacha acheke, tunajua ana siku zake.

Rejeta ikishatoka, isitengenezwe kabla ya kujaribiwa kwenye pipa la maji. Fundi wangu alifunga shingo moja kwa kipande cha tyubu na klipu, nyingine akaiunga kwenye pampu ya baiskeli, akaizamisha, akapampu taratibu. Mapovu yalitoka sehemu tatu, mbili kwenye mirija na moja kwenye mshono wa tenki la chini, kila moja akaichora kwa msumari. Usikubali kompresa ya matairi. Shinikizo lisizidi lile la mfuniko, vinginevyo utatoka na matundu mapya uliyoyalipia.

Njia nne, na kila mwamba ngoma

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mchomeleaji atakwambia lehemu, muuza spea za mtumba atakwambia hizo ni kelele, nenda na ya Toyota. Bei zinapanda na kushuka, ila mpangilio haujabadilika tangu nianze kuulizia: kulehemu ndiyo nafuu, mtumba unafuata, kubadili kiini kuko juu yake, na alumini mpya ya kuagiza kwa ajili ya 109 iko kileleni.

Kulehemu kunafaa pale nyavu ni nzima na kinachovuja ni mshono wa tenki, shingo, au mrija mmoja au miwili. Ni kazi ya nusu siku, na karibu kila mji wa huku, kuanzia Masasi hadi Kilwa Masoko, hukosi mtu wa kuifanya. Lakini sharti moja: tenki la juu lifunguliwe na mirija izibuliwe kwa ufito mwembamba, mmoja mmoja, mpaka mwanga uonekane upande wa pili. Fundi asiyefungua tenki ameziba tu. Mrija uliooza sana huzibwa moja kwa moja usipitishe maji tena, na hilo linavumilika kwa mmoja. Ikifika mitano umejipunguzia rejeta. Angalia pia moto. Risasi ya kulehemia inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na rejeta nzima imeshikana kwa risasi, kwa hiyo moto mkali mahali pamoja unafungua kiungo cha jirani. Anayetaka kutumia mtungi wa kuchomelea mageti, mshukuru uondoke. Na kazi ifanyike nje, watoto mbali, maana moshi wa risasi si wa kuvuta.

Kuna njia ya tano ambayo siihesabu: yai, manjano, au ile dawa ya chupa. Nimewahi kutia yai. Lilinifikisha nyumbani. Lilifika pia kwenye mirija yote iliyokuwa mizima, na fundi alilikuta humo limeganda kama uji wa jana.

Kubadili kiini ndiyo njia niliyochagua mwishowe. Matenki, shingo na vishikio vya pembeni vinabaki vya gari lako. Kinachobadilishwa ni ile sehemu ya katikati yenye mirija na nyavu. Rejeta inarudi mahali pake bila kukata wala kutoboa kitu, boliti zinaangukia matundu yao. Ubaya wake kwetu ni umbali. Mimi nilituma yangu Dar es Salaam kwa basi, kilomita kama 560 kutoka Mtwara, na unategemea barabara moja. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata maeneo ya Somanga, mizigo ilikwama pande zote mbili. Kwa hiyo usiitume wiki moja kabla ya safari. Na kama unategemea fundi wa huku kuunga matenki, epuka kuanzia Oktoba hadi Desemba. Malori ya korosho yakianza kushuka kwenda bandarini, fundi wa rejeta hashikiki.

Kabla hujatuma, pima mwenyewe urefu, upana na unene wa kiini, kisha hesabu safu za mirija ukitazama kwa juu tenki likiwa wazi. Iandike kwenye karatasi na uipige picha. Hapa ndipo watu wanapopigwa: iliyokuwa na safu nne inarudi na tatu, imepakwa rangi nyeusi inang'aa, hakuna anayehesabu. Gari-nyumba ni zito, linapanda Newala kwa gia ya pili, upepo wa mwendo haupo, ile safu ya nne ndiyo inayokufikisha juu. Upande mwingine, usitamani nyavu zilizobanana mno. Barabara zetu za vumbi na mbegu za majani huziba nafasi hizo haraka, na kuziosha bila kuzipinda ni kazi ya uvumilivu.

Dai pia kiini cha zamani kirudi. Ni shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipima kwa kilo. Cha kwangu kilikaribia “kupotea” gerejini, nikakisubiri pale pale mpaka kikapatikana.

Ya mtumba. Jamaa yangu wa Mingoyo ana 109 ya kubebea mihogo na nazi, na ameweka rejeta ya pikapu ya Kijapani. Inafanya kazi mwaka wa pili, hana shida. Injini yake ni ya dizeli ya lita 2.25, haina nguvu nyingi kwa hiyo haina joto la kutisha, rejeta ya gari dogo inatosha. Kwa gari lake la shamba ningefanya vile vile.

Kwa gari-nyumba la zamani nasita, na sababu zangu ni hizi. Ili iingie jamaa yangu alilazimika kukata uso wa mbele kwa gesi, na bati lile likishakatwa halirudi. Gari ambalo thamani yake ni kuwa lilivyotoka, umelipunguza. Rejeta nyingi za mtumba zina matenki ya plastiki ambayo umri wake huujui, na plastiki ikipasuka Nangurukuru saa nne usiku hailehemiki. Kisha kuna urefu: mdomo wa kujazia maji ukiwa chini kuliko nyumba ya themostati, hewa inanasa juu ya injini na gari linachemsha rejeta ikiwa imejaa. Jamaa yangu aligundua hilo baada ya wiki mbili, akaongeza kitenki kidogo cha juu. Na acha nafasi mbele ya feni. Injini hizi zinayumba kwenye mipira yake gari likipita shimo. Vidole viwili vya nafasi ni vichache, vitatu ndiyo amani.

Ukiamua mtumba hata hivyo, nenda na vipimo vya shingo na mpira, chagua yenye matenki ya chuma au shaba, na ijaribu kwenye pipa la muuzaji kabla pesa haijatoka mfukoni.

Alumini mpya nitaisema kwa kifupi. Ni nyepesi, inapendeza. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko alumini, lakini mirija ya alumini hutengenezwa mipana, kwa hiyo upoozaji si tatizo. Tatizo ni siku itakapotoboka. Mwenye risasi na moto mdogo yupo kila mji. Mwenye mashine na mkono wa kuchomelea alumini nyembamba huku kusini utamtafuta. Tena haivumilii uzembe wa maji: ukiijaza maji ya kisima cha pwani bila kulanti inaliwa kutoka ndani, na ikigusana na chuma kitupu kwenye upepo wa chumvi inaliwa kutoka nje pia, hivyo iwekee mpira kila inapokaa. Anayeishi Dar na kuendesha lami tu, aichukue. Anayelala porini kati ya Liwale na Tunduru, hapana.

Maji yenyewe

Mirija yangu haikuzibwa na yai peke yake. Visima vyetu vya pwani vinachimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yana chokaa na chumvi, na kila uongezapo lita moja unaongeza na mawe yake. Ndani ya tenki la juu nilikuta ukoko mweupe kama wa birika. Maji bora ya rejeta ni yale aliyonipa yule bibi wa Newala, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi. Huku hakuna baridi ya kugandisha, kwa hiyo kulanti hatuiweki kwa ajili ya barafu, tunaiweka kwa ajili ya kutu. Changanya kama chupa inavyoelekeza, weka dumu la akiba nyuma ya kiti.

Siku ya kujaza, kama gari lako lina hita, ifungue hata kama kuna joto la Januari, ili maji yapite na huko. Jaza taratibu, washa injini mfuniko ukiwa wazi, minya mpira wa juu kwa mkono mara kwa mara, utasikia hewa ikitoka na maji yakishuka. Ongeza. Mpira wa juu ukipata moto ghafla, themostati imefunguka. Funga mfuniko, zungusha mtaa, lipoze, angalia tena asubuhi kabla ya kuwasha.

Nilipopanda tena, mshale wa joto ulisogea kidogo kwenye kona za mwisho ukasimama. Nilisimamisha gari kwa yule bibi nikiwa na madumu mawili ya maji. Aliyapokea, akanishukuru, kisha akazunguka mbele ya gari, akainama, akachungulia chini ya bampa muda mrefu kuona kama kuna tone.